Kichezeo cha kujaza chakula: kikiwa kikavu mbwa anamaliza dakika tatu, kikigandishwa anakisusa. Tatizo ni nini?

Mwanagenzi ameuliza:

Habari wakuu,

Naomba mwongozo wa kujaza vile vichezeo vya mpira vyenye uwazi ndani, vya kumshughulisha mbwa. Hali ni hii:

Mbwa ni mzima, kilo 20, amehasiwa, meno yote yapo. Kichezeo ni cha mpira mgumu, umbo la matufe matatu yaliyopandana, tundu kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili. Kwa kupima na maji kinaingiza mililita 150 hivi.

Kikijazwa punje kavu tupu anakipigapiga sakafuni, dakika tatu kazi imekwisha. Kikijazwa punje, zikazibwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya siagi ya karanga na kulazwa kwenye friza usiku kucha, analamba mara mbili tatu kisha anakwenda kulala. Baadaye kinayeyuka na siagi inaishia kwenye zulia.

Maswali: (1) kati ya hizo mbili kuna hatua gani? (2) kiasi gani kinatosha bila kumnenepesha? (3) ni sawa kumwachia akiwa peke yake?

---

Kijiko Kirefu amejibu:

Mkuu, umetoka ngazi ya chini kabisa ukarukia ya juu kabisa. Mbwa anaendelea kulamba kwa sababu ulimi unarudi na kitu. Akilamba mara kumi asiambulie chochote, kwake hicho ni kipande cha mpira baridi, na ana haki ya kukiacha. Kwa hiyo tonge la kwanza litoke ndani ya sekunde chache, hata kama vilivyo chini yake ni vigumu. Ukishika hilo, mengine ni mapishi tu.

Ngazi ya pili, kabla hata ya maji: punje kavu zilezile, lakini mdomo uzibwe nusu. Chukua kipande cha karoti au biskuti ya mbwa iliyo ndefu kidogo kuliko upana wa tundu kubwa, kunja mpira ili kuiingiza, iache ikae mshazari kwa ndani. Punje zinatoka moja moja badala ya kumwagika. Akishaing'oa hiyo biskuti, zawadi nyingine.

Ngazi ya tatu ndipo penye utamu wenyewe: rojo la punje, lisilogandishwa.

Kwa kichezeo chako cha mililita 150, pima gramu 60 za punje. Toa 10 uziweke kando. Zilizobaki 50 zimwagie mililita 75 hadi 90 za maji ya uvuguvugu, funika, subiri dakika 20 hadi 30. Punje zilizopakwa mafuta mengi kwa nje hukataa maji, hizo zipe hata saa nzima. Ponda kwa uma. Kipimo cha kuwa tayari: chota kijiko, kigeuze juu chini. Rojo lisidondoke, lakini ukilibonyeza kwa kidole libaki na alama. Likidondoka umezidisha maji, tia punje chache usubiri dakika tano. Likimeguka kama makombo, ongeza kijiko kimoja cha maji. Mwisho changanya zile gramu 10 kavu bila kuziponda. Kazi yake ni ile ya kokoto kwenye zege bovu: hapo ndipo panapomeguka, na kila punje inayochomoka inamwambia mbwa aendelee.

Kujaza kwenyewe watu hukosea sehemu moja. Wanaziba tundu dogo kwanza, halafu wanashindilia kutoka juu. Hewa inakosa pa kutokea, inabaki shimo katikati, na chakula cha juu kinaganda kama kizibo cha chupa. Acha tundu dogo wazi. Simamisha kichezeo ndani ya kikombe, tundu kubwa likiwa juu, sukuma rojo kwa mpini wa kijiko mpaka lichungulie kule chini. Theluthi mbili za chini shindilia kiasi, theluthi ya juu weka kwa ulegevu tu. Acha kama sentimita moja tupu ukitaka kugandisha, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kitakachofurika kitakuwa kofia ya barafu mdomoni. Kofia hiyo ndiyo inayokatisha mbwa wengi tamaa.

Baada ya hapo unapanda polepole: rojo laini la kawaida, kisha lililokaa friji saa chache, kisha friza saa moja na nusu hadi mbili (linashika pembeni, katikati bado laini), kisha saa nne, kisha usiku kucha. Usipande ngazi mpaka amalize mara mbili au tatu mfululizo bila kukiacha njiani. Akiacha, shuka ngazi moja, bila kuona aibu.

Kwa mbwa wako ningeanza na mbinu ya tabaka mbili: jaza theluthi mbili, gandisha. Wakati wa kumpa, toa, acha mezani dakika 10, kisha jaza theluthi ya juu kwa rojo laini na uchomeke vipande viwili vya nyama ya kuku ya kuchemsha vikichungulia nje. Anaanza na cha bure, anaingia kwenye kazi akiwa ameshanogewa.

Siagi ya karanga imesifiwa kuliko inavyostahili, wacha niseme. Ni gundi nzuri ya kupaka kijiko cha chai ukutani. Kuifanya kizibo chote ndiko kumetengeneza balaa la zulia.

---

Bi Mizani amejibu:

Naongezea swali la pili, maana vile vijiko vitatu vimenishtua.

Mahitaji ya msingi ya mbwa hukokotolewa hivi: 70 zidisha kwa uzito wa kilo uliopandishwa kipeo cha 0.75. Kwa kilo 20 unapata kama kalori 660 (hizi za chakula, kilokalori). Mbwa mzima aliyehasiwa zidisha kwa 1.6, ni kama 1,060 kwa siku. Hiyo ni makadirio ya kuanzia. Mbavu zake zikianza kupotea chini ya vidole, punguza.

Vitamutamu vyote vya siku visizidi asilimia 10, yaani kalori 106 kwake. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga, gramu 16, kina kama 95. Vitatu ni 285, zaidi ya robo ya chakula cha siku, na sehemu kubwa ya kalori hizo ni mafuta. Mbwa mwenye kongosho jepesi kuudhika anaweza kulipia hapo kwa kutapika, kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo na kulazwa.

Rojo la Kijiko Kirefu halina shida hiyo kwa sababu linatoka kwenye mgao wake wa kawaida. Mfuko wa punje huandikwa kalori kwa gramu 100. Ikiwa ni 370, mgao wa siku ni kama gramu 285. Gramu 60 zikienda kwenye kichezeo, bakuli libaki na 225. Tumia mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya, hasa kikijazwa kwa mkono wenye huruma.

Vya kuongezea ladha, kwa kichezeo kimoja: boga lililochemshwa na kupondwa bila sukari wala viungo, kijiko kikubwa kimoja, mtindi mtupu, kijiko kimoja, ndizi mbivu iliyopondwa, vipande viwili, kiazi kitamu kilichoiva, kijiko kimoja, yai lililovurugwa bila mafuta. Chagua kimoja au viwili, usitie vyote. Kitu kipya kianze na kijiko cha chai, na kisichanganywe na kipya kingine kwa siku mbili tatu, ili kinyesi kikilegea ujue nani mshitakiwa. Mtindi husumbua mbwa wengine kwa sababu ya sukari ya maziwa.

Sasa vya kukataa moja kwa moja. Zailitoli kwanza, utamu unaotumika kwenye bidhaa "zisizo na sukari", zikiwemo baadhi ya siagi za karanga. Kwenye lebo inaweza kuandikwa sukari ya betula au E967. Kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa kinatosha kuporomosha sukari ya damu, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwa mbwa huyu ni gramu 2 tu. Kikifika karibu gramu 0.5 kwa kilo, ini liko hatarini. Akila, hakuna kusubiri dalili, ni daktari wa mifugo mara moja.

Zabibu mbichi na kavu huharibu figo, na hakuna kiasi unachoweza kukitegemea kuwa salama. Vitunguu, maji na saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu. Vinajificha kwenye supu za vidonge na za pakiti, kwa hiyo supu ya kujazia iwe ya nyama na maji tu, bila chumvi. Chokoleti, karanga za makadamia, unga uliokandwa wenye hamira, na mifupa iliyopikwa navyo nje.

Kwa mbwa anayekula chakula maalumu cha daktari, usiongeze chochote kati ya hivyo. Chakula hichohicho cha kopo, aina ya ile iliyosagwa laini, ndicho kijazwe.

---

Mlinda Fizi amejibu:

Nakubaliana na mengi, ila kuna jambo moja limepitwa juu juu, nalo ndilo la hatari zaidi: tundu la pili.

Kichezeo chenye tundu moja tu hunyonya. Mbwa anaingiza ulimi, hewa ya ndani inapungua kadiri anavyolamba, mpira unaubana ulimi, ulimi unavimba na hautoki tena. Ndiyo maana vichezeo bora vina matundu mawili au zaidi. Sasa ukishindilia rojo mpaka tundu dogo na kuligandisha usiku kucha, umekigeuza kuwa cha tundu moja kwa mikono yako mwenyewe. Kwa rojo laini hatari ni ndogo, lakini kwa barafu fikiria mara mbili.

Suluhisho ni jepesi: kabla ya kugandisha, pitisha mrija au kijiti kinene kutoka tundu kubwa hadi dogo. Kikishaganda, kizungushe kidogo ukichomoe. Inabaki njia ya hewa. Kijiti kikigoma kutoka, shika kichezeo kwa sekunde chache kwenye maji ya bomba.

Ulimi ukinaswa, usiuvute. Hewa ndiyo inayohitajika kuingia, kwa kutoboa ukuta wa upande wa pili wa kichezeo, na mbwa apelekwe kwa daktari hata ukishatoka, kwa sababu uvimbe huendelea.

Ukubwa: kichezeo kisiweze kupita chote nyuma ya meno ya mbwa, yale marefu ya mbele. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Watengenezaji pia hutofautisha ugumu kwa rangi. Kong, kwa mfano, nyekundu ni ya kawaida na nyeusi ni ya watafunaji wakali, na kuna mpira laini zaidi kwa watoto na wazee. Kila kabla ya kujaza kikunje kwa nguvu utazame ndani ya mikunjo. Ufa unaoingia kucha, au pembe iliyoliwa, kinatupwa. Kipande cha mpira hakimeng'enywi.

Ugumu wa chakula chenyewe: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Usipoacha alama hata kidogo, hicho ni jiwe kwa magego. Mbwa wa kulamba hana shida, ila mbwa wa kutafuna ataling'ata jiwe hilo, na gego kubwa la juu ndilo hupasuka. Kwa huyo, rojo lenye boga, ndizi au mtindi ni afadhali kuliko supu tupu, maana sukari na mafuta hulainisha barafu. Supu tupu huganda kama kipande kimoja cha kioo. Kama unataka majimaji, igandishe kwa jelatini badala ya baridi: pakiti moja ya gramu 7, isiyo na ladha wala sukari, kwa kikombe kimoja cha supu ya moto (mililita 240), koroga iyeyuke, ipoe, mimina baada ya kuziba tundu dogo kwa muda kwa kipande cha karoti, friji saa tatu. Inakaa imara, haidondoki kwenye zulia, na inameguka kwa ulimi. Ukimpa, toa kizibo.

---

Kijiko Kirefu amejibu:

Mlinda Fizi, la mrija nalipokea kwa mikono miwili, lilipaswa kuwa kwenye maelezo yangu. Niongeze tu kwamba njia hiyo ya hewa inarahisisha kazi kidogo, kwa hiyo mbwa mzoefu atamaliza mapema. Ni bei ndogo.

Kwa jelatini, angalizo: haipendi joto. Chumba kikiwa na joto kali inarudi kuwa supu ndani ya kichezeo, na hapo unarudi kwenye kisa cha zulia. Mpe juu ya sakafu ya vigae, au kwenye taulo kuukuu alilofundishwa kulalia anapokula. Kumfundisha si kazi: kila anapokibeba kwenda kwingine, kirudishe kwenye taulo bila neno. Wengi huelewa ndani ya siku chache.

---

Mzee wa Boksi amejibu:

Wadau mnazungumza friza tu. Vichezeo vya mpira ni nusu ya mambo. Mbwa ana pua pia.

Chukua taulo, litandaze, mwaga punje kiganja kimoja, likunje kwa mrefu kisha livingirishe. Akishalizoea, lifunge fundo legelege. Trei ya keki ndogo yenye vishimo: punje kwenye kila kishimo, mpira juu yake, baadaye acha vingine vitupu ili anuse kabla ya kuinua. Boksi la karatasi: ng'oa gundi ya utepe, pini na madirisha ya plastiki, jaza karatasi zilizofinywa, punje katikati. Litachanwachanwa, ndiyo kazi yake. Akianza kumeza karatasi badala ya kuzitema, mchezo huo si wake, mwondolee.

Chupa ya plastiki watu huipenda kwa kelele. Ondoa kifuniko, ile pete iliyobaki shingoni na lebo. Na ikae mbele ya macho yako, dakika anayoanza kuitafuna ukingoni ichukue, plastiki iliyopasuka inakata.

Kwa mbwa wa pua bapa vichezeo virefu ni mateso, ulimi haufiki. Wape chenye mdomo mpana na kina kifupi. Toppl ni cha namna hiyo, kikombe kipana chenye meno ya mpira ndani, na kikubwa na kidogo vinaingiana mdomo kwa mdomo ukitaka kuongeza ugumu. Au mkeka wa kulamba: paka milimita 2 au 3 tu, sukuma iingie kwenye mistari, friza saa moja. Ukipaka nene anamega mabonge na kumaliza haraka. Mkeka ni mwembamba na unatafunika, kwa hiyo si wa kuachwa nao.

---

Mwanagenzi ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Yamebaki mawili. Kwanza, swali la kumwachia akiwa peke yake halijajibiwa. Pili, usafi: yale matufe matatu brashi haifiki kona, na harufu ya mafuta haitoki.

---

Mlinda Fizi amejibu:

La kwanza. Kichezeo chochote, mara tano au sita za mwanzo, apewe ukiwepo na unaangalia anavyokitumia. Unatazama kama analamba au anang'oa vipande, kama anajaribu kumeza mabonge makubwa, na kama akimaliza anakiacha au anaanza kukila chenyewe. Akipita hapo, kichezeo cha mpira imara, cha saizi sahihi, chenye njia ya hewa, kinaweza kubaki naye. Taulo, boksi, chupa, mkeka: hapana.

Kuna mtego mwingine. Ukimpa kichezeo kila unapochukua funguo tu, baada ya muda kichezeo chenyewe kinakuwa taarifa ya kuachwa. Mpe pia ukiwa umekaa unasoma, ukiwa unapika, asubuhi, jioni, bila mpangilio. Siku ya kuondoka mpe dakika 10 kabla ya kutoka, si mlangoni.

Na kama hakigusi kabisa ukiwa nje, halafu ukirudi anakimbilia kukila kwa pupa, usimlaumu mpishi. Mbwa mwenye hofu hali chakula. Hiyo si upweke wa kukosa shughuli, ni hofu ya kuachwa, na hakuna rojo litakaloiponya. Panahitajika kumzoesha kuachwa kwa muda mfupi mfupi sana, ikibidi kwa msaada wa daktari au mtaalamu wa tabia za wanyama. Kamera ya simu kuukuu iliyoelekezwa kwake itakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa kisa chako, kwa kuwa anakisusa hata ukiwepo, naona ni ugumu tu.

Wakiwa mbwa wawili, kila mmoja na chumba chake au mlango katikati, hata kama hawajawahi kugombana. Chakula kinachodumu nusu saa ni mali ya kulindwa kuliko bakuli la dakika moja. Kukichukua usimnyang'anye: tupa punje kadhaa mbali, akizifuata okota.

---

Bi Mizani amejibu:

Usafi. Tatizo huanza pale mtu anapokiacha kikauke. Akimaliza tu, kitumbukize kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, na matone machache ya sabuni ya vyombo, nusu saa. Mafuta yaliyoganda hayatolewi na maji baridi, hata ukisugua mpaka kesho. Kisha brashi ya chupa za watoto, ile yenye kichwa kidogo cha kusafishia chuchu, inafika kwenye kona ya tufe la juu. Pasipofika, tia punje za mchele mkavu kijiko kimoja, maji ya sabuni hadi nusu, ziba matundu yote mawili kwa vidole na utikise kwa nguvu nusu dakika, mchele unakwangua. Suuza mara mbili, kikauke tundu kubwa likiwa chini. Vingi vya mpira huvumilia mashine ya kuoshea vyombo, rafu ya juu, lakini mashine hairushi maji hadi ndani kabisa, kwa hiyo loweka kwanza hata hivyo. Harufu ikibaki baada ya yote hayo, tazama nyufa: mafuta yaliyoingia kwenye ufa hayatoki, na ufa wenyewe ni sababu ya kukitupa.

Muda wa chakula: rojo lililoloweshwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 hesabu saa moja. Kichezeo alichokiacha nusu ukikikuta jioni, kilichobaki ni cha pipa. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na kidogo, nusu ya kichezeo anayoimaliza ni bora kuliko kizima kinachoharibika.

Kama una friza, nunua viwili au vitatu vya saizi moja, uvijaze kwa mkupuo mmoja wa rojo, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye tarehe na gramu zilizomo. Tumia ndani ya mwezi. Baada ya hapo rojo linakauka juu na kushika harufu za friza. Gramu ziandike kweli, kwa sababu asubuhi yenye haraka hakuna atakayekumbuka kupunguza bakuli.

---

Mzee wa Boksi amejibu:

Nyongeza ndogo kwa Bi Mizani: mifuko ikiwekwa friza hakikisha vichezeo vimesimama ndani ya vikombe mpaka vigande, ndipo uvilaze. Vikilala mapema, rojo linahamia upande mmoja, mrija unapinda, na njia ya hewa inaziba bila wewe kujua.